Vocha ya Mama Kerubo

Kiti ninachokalia nikiandika haya ni cha plastiki na mguu wake mmoja umepinda. Sebuleni kwangu kuna seti nzima ya makochi ya mahameli, rangi ya zambarau, na mke wangu ameyafunika kwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Wageni huyakalia, wajukuu huyarukia. Mimi siyakalii. Nitawaambia sababu, lakini mnivumilie nifike huko kwa njia yangu, maana mzee aliyestaafu hana kitu kingine cha kutapanya ila maneno.

Nimeuza tiketi za ndege mjini Kisii kwa zaidi ya miaka thelathini. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hiyo mteja alinusa dawa ya kupe kwanza ndipo apande ngazi kuja kuulizia Ulaya. Sasa nasikia nyinyi vijana mnafungua ofisi ndani ya simu. Mpwa wangu ni mmoja wenu. Juzi aliniambia, "Anko, hii kazi siku hizi ni rahisi. Msee anakutumia pasi kwa simu, anatuma ganji, unabonyeza, anapaa." Nikamuuliza, "Na asipopaa?" Akacheka tu, akaendelea kubonyeza. Kicheko hicho kimenikera wiki nzima, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Kuuza tiketi mtu anajifunza kwa wiki moja, hata mbuzi anaweza akifundishwa vizuri. Kazi yenyewe huanza siku ambayo ndege imekataa kuruka.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Onchiri, mwenye ofisi. Alikuwa karani wa shirika moja la ndege Nairobi kabla ya kurudi nyumbani Magwagwa kwenye majani chai yake. Wakati huo tiketi ilikuwa kijitabu chenye karatasi za kaboni nyekundu, na ukikosea herufi moja unaichana na kuanza upya, huku Onchiri amesimama nyuma yako na rula ya mbao. Hakunipiga hata siku moja. Alipiga meza, na meza ikipigwa hivyo kila dakika mkono unajifunza wenyewe. Jioni nilikuwa nikitoka vidole vyekundu kama niliyekuwa nikichinja kuku.

Onchiri alikuwa na swali moja ambalo alilirudia mpaka likanichosha. Safari ikivunjika, alisema, usiulize kwanza pesa ni ngapi. Uliza nani kaivunja. Mteja akivunja mwenyewe, kwa sababu ameugua, au ameoa, au ameota ndoto mbaya, basi mnakwenda kusoma masharti ya tiketi yake, na tiketi ya bei rahisi ina masharti makali kama mama mkwe. Lakini shirika likivunja, likafuta ndege yake lenyewe, hapo msafiri ana haki ya kudai pesa zake mkononi, na asiombe kwa unyenyekevu kana kwamba anaomba chumvi kwa jirani.

Mimi sikulishika hilo mara moja. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mwalimu mmoja wa Nyamarambe ambaye safari yake ya semina huko nje iliangukia siku ya mazishi ya shemeji yake. Huku kwetu mnajua, kukosa mazishi ya shemeji ni kesi ambayo wajukuu wataendelea kuisikiliza. Akafuta safari. Mimi, kwa ujinga na kwa huruma, nikamwambia pesa zote zitarudi. Zikarudi kodi za uwanja wa ndege peke yake. Mwalimu alishuka mjini na barua ya chifu, yenye mhuri wa zambarau, ikithibitisha kwamba kweli shemeji amekufa na amezikwa. Tukaituma. Shirika la ndege halimjui chifu. Onchiri alinikata mshahara miezi mitatu ili mwalimu apate angalau nusu, na kila siku ya mshahara alinikumbusha, "Nani alivunja?" Nilimchukia sana mzee yule. Leo ningelipa nauli ya kwenda na kurudi nimwone tena amesimama nyuma yangu na ile rula.

Kisha vijitabu vikaisha, tukaletewa kompyuta zenye maandishi ya kijani, ukakariri amri kama mistari ya Biblia. Kisha hizo nazo zikaisha, ikaja intaneti. Onchiri akazeeka, akaniachia ofisi, akarudi Magwagwa akafa kabla sijamlipa deni la shukrani. Na wakati huohuo mashirika ya ndege yakavumbua kitu kinachoitwa vocha ya safari.

Nyote mmewahi kununua kitu dukani, mwenye duka akakosa chenji, akawapa peremende. Umempa pesa, amekupa tamutamu. Hebu kesho yake mrudishie peremende hizo ununue sukari, uone atakavyokutazama. Vocha ni peremende ya namna hiyo, tofauti ni kwamba hii imeandikwa jina lako, haiwezi kuliwa na mwingine, inaliwa katika duka hilohilo tu, na ina siku ya kuharibika. Ili uipende, wanaiongezea utamu kidogo. Pesa yako ilikuwa kumi, vocha wanakuandikia kumi na moja. Ukiona mtu anakuongezea kitu ambacho hukuomba, kaa chini utulie.

Sisemi vocha ni mbaya siku zote. Nimewapa watu vocha wakazitumia vizuri, mfanyabiashara anayekwenda Dubai kila baada ya miezi miwili, kwa mfano, yeye ana hasara gani? Atapanda tena shirika lilelile, nyongeza ataila. Vocha ni ya mtu mwenye uhakika na kesho. Mama Kerubo hakuwa na kesho ya kuchezea, na mimi nilijua.

Alikuwa mjane wa Manga, kule juu kwenye ukingo, msharika mwenzangu wa Kiadventista ingawa wa kanisa lingine. Alikuwa na robo ekari ya chai, migomba, na binti mmoja, Kerubo, muuguzi kule Minnesota. Kerubo ndiye aliyemwezekea mama yake bati na kumnunulia tangi la maji. Akaugua ugonjwa wa damu. Miezi ya kwanza alificha, kama watoto wetu wa ng'ambo wanavyoficha, kisha siku moja akapiga simu akasema, "Mama, kuja." Mama Kerubo alinisimulia mara tatu kwamba mtoto hakusema niombee, wala hakusema nitumie dawa za nyumbani. Alisema kuja.

Barua ya daktari ilisaidia, viza ikatoka. Akauza ng'ombe. Kina mama wanaochuma chai pamoja naye wakatoa sehemu ya bonasi zao, kanisa likachanga sabato mbili mfululizo. Tiketi nilimkatia mimi, ya shirika lenye bei nafuu kuliko mengine yote, na sijutii hilo. Mzigo wake aliupima kwenye mzani wa kituo cha kununulia chai, umening'inizwa kwenye ndoano kama gunia la majani: unga wa wimbi, na chinsaga zilizokaushwa, kwa sababu Kerubo alisema tumbo linakataa kila kitu isipokuwa mboga za nyumbani. Karani wa chai akamwandikia kilo kwenye kikaratasi, naye Mama Kerubo akaniletea kikaratasi hicho ofisini kwa fahari nihakikishe hazijapita kiwango. Hazikupita.

Alikuwa aondoke Jumapili jioni. Ijumaa, saa tisa mchana, ujumbe ukaingia kwenye kompyuta yangu. Ndege imefutwa. Ndege kadhaa za shirika hilo zilikuwa zimeegeshwa kwa ubovu, safari zitarejea baada ya wiki tatu. Msafiri achague: arudishiwe pesa zote, au apewe vocha ya mwaka mmoja yenye nyongeza.

Nikampigia simu, akaja kwa bodaboda moja kwa moja kutoka shambani, gambuti zikiwa na matope. Na hapa nataka msome polepole. Kabla hajafika nilikuwa nimeshatazama mashirika mengine. Kulikuwa na kiti Jumatatu. Bei ilikuwa juu kidogo, si sana. Pesa za kurudishwa zingechukua siku kadhaa kufika kwenye akaunti ya ofisi, lakini ofisi ilikuwa na uwezo wa kumtangulizia, Onchiri alikuwa akifanya hivyo kila mara na hakufilisika. Kiti kile nilikiona. Kilikuwa kwenye skrini yangu, safu ya thelathini na moja, karibu na dirisha.

Mama Kerubo akaketi, hakuvua hata kofia ya jua. "Sasa hii ndege imekataa kuenda?"

"Imekataa, Mama. Lakini pesa yako iko salama. Wanakupa njia mbili." Nikamweleza, na nilivyoeleza ndivyo nilivyopima. Kurudishiwa pesa nikakutaja kwa haraka, tena kwa uso wa kuchoka, kana kwamba ni jambo la miezi na mihuri. Vocha nikaieleza kwa raha.

"Hiyo karatasi ni pesa ama si pesa?"

"Ni pesa na zaidi ya pesa. Tazama, wamekuongezea."

"Na hawa wengine, hawana ndege?"

"Wako ghali," nikasema. Ni uongo mdogo, au sivyo? Walikuwa ghali kidogo.

Kisha nikatoa ile hoja ambayo niliiona ya busara sana, na hamtaipata katika kitabu chochote cha mashirika ya ndege kwa sababu ni yetu sisi tu. Pesa ya mchango huku kwetu ikionekana imerudi nyumbani, basi imekufa. Atakuja wa karo, atakuja wa hospitali, watakuja waliochanga kuuliza kama safari haipo tena. Na Mama Kerubo alikuwa na mashemeji wawili, ndugu za marehemu mumewe, ambao hata kabla ya ng'ombe kushushwa sokoni walikuwa wameshapita kumsalimia. Kwa hiyo nikamwambia nikicheka, "Mama, ukirudi Manga leo na pesa taslimu, Jumatatu utakuwa na nini? Hii vocha hakuna shemeji ataikula. Iko kwa jina lako. Akiba haiozi."

Akacheka na yeye. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa imemkaa moyoni. "Hapo umesema kweli," akasema. "Hao watu wananiangalia kama ndizi imeiva."

Kisha uso ukabadilika. "Lakini Kerubo atangoja wiki tatu?"

"Wiki tatu ni nini, Mama? Utafumba macho ufumbue."

"Wacha niende nyumbani niombe, nikujibu Jumapili."

Nikatazama saa ya ukutani. Jua lilikuwa linashuka, na sisi Waadventista biashara tunaifunga kabla Sabato haijaingia, dukani kwetu, ofisini kwetu, kila mahali. Nikamwambia ujumbe hauwezi kungoja, tumalize sasa, tusiibebe shughuli ya pesa hadi ndani ya Sabato. Ujumbe uliweza kungoja. Ulikuwa na muda wa siku saba, umeandikwa hapo chini kwa herufi ndogo. Nilitumia Sabato ya Mungu kumharakisha mjane. Akasema, "Haya, Baba Nyaboke, wewe ndiye unajua." Nikabonyeza. Nikamchapia vocha, akaikunja mara mbili akaiweka ndani ya Biblia yake, akaniombea baraka mlangoni.

Mnajiuliza kwa nini. Nilikuwa naelekea huko. Siku hizo shirika lile lilikuwa bado linawapa mawakala kamisheni kwa kila tiketi. Mteja akirudishiwa pesa, shirika linamnyang'anya wakala kamisheni yake. Mteja akichukua vocha, kamisheni inabaki. Na ile ya Mama Kerubo nilikuwa nimeshaipeleka kwa seremala wa Daraja Mbili kumalizia deni la makochi. Makochi yalikuwa yameshafika nyumbani. Mke wangu alikuwa ameshawaalika kina mama wa kanisa waje wayaone.

Hiyo ndiyo sababu, vijana. Sikuwa na nyingine kubwa zaidi. Miaka mingi nimejaribu kuitafuta nyingine na sikuipata.

Wiki ya pili Kerubo alilazwa tena. Mama Kerubo akaja ofisini, safari hii akiwa amevaa nguo za safari kabisa, na ule mzigo uko chini kwenye duka la mbegu. "Nitafutie ndege nyingine, yoyote. Tumia ile karatasi."

Ikabidi nimweleze kwamba ile karatasi haitumiki kwa shirika lingine. Sikuwahi kuona mtu akijitahidi hivyo kuelewa. Aliitoa kwenye Biblia, akaikunjua, akaiweka mezani akaisawazisha kwa kiganja. "Si ulisema ni pesa na zaidi ya pesa?" Nikapiga simu makao ya shirika mbele yake. Nilisubiri muziki wao wa kipuuzi mpaka sikio likawaka moto. Binti aliyenijibu alikuwa na adabu nyingi sana. Alisema ukishakubali vocha umekubali, haibadilishwi kuwa pesa, asante kwa kutuchagua.

Wakaanza kuchanga upya kule Manga. Mara ya pili watu hawachangi kama mara ya kwanza. Wengine waliuliza zile za kwanza zilienda wapi, na si vibaya kuuliza. Yeye akiwaambia zipo, ziko kwenye karatasi, walitazamana. Mimi nilitoa kidogo, kiasi cha mtu wa heshima, na jina langu likasomwa. Wiki tatu zilipotimia shirika likasogeza tarehe, likasogeza tena.

Kerubo alikufa Jumatano ya wiki ya nne. Mchango wa pili ulikuwa haujatosha tiketi. Ukageuzwa kuwa mchango wa kuleta maiti, maana mtoto wa Manga hazikwi ugenini.

Nilijaribu vocha hata hapo. Msinicheke. Niliandika barua nikiuliza kama inaweza kulipia hata sehemu ya usafirishaji wa jeneza. Wakajibu kwamba vocha ni ya kiti cha abiria. Nikaandika tena nikaomba huruma kwa sababu ya kifo, nikaambatisha cheti. Wakajibu kwamba masharti yanaruhusu kurudisha pesa endapo mwenye tiketi amefariki, na kwa kumbukumbu zao mwenye tiketi yu hai. Kwa ajili ya mama kufa kulikuwa na fomu. Kwa ajili ya kubaki hai hakukuwa na fomu yoyote.

Nilikwenda mazishini. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa cha hema, na mchungaji alipowashukuru wote waliosaidia safari aliitaja ofisi yangu. Watu wakageuka kunitazama kwa wema.

Sasa nyinyi mtaniambia, Anko, hayo ni ya zamani kidogo, siku hizi mteja anajichagulia mwenyewe kwenye simu. Ndiyo, na tazameni simu hiyo. Kitufe cha vocha ni kikubwa, kina rangi nzuri, kiko katikati. Njia ya kurudishiwa pesa iko chini, imeandikwa kijivu, utafikiri wameifichia mwizi. Mimi nilikuwa kitufe hicho kabla hakijavumbuliwa. Kwa hiyo mteja wako akikupigia analia kwamba ndege imefutwa, kitu cha kwanza mwambie asibonyeze chochote. Apige picha ujumbe ule kabla haujabadilika, maana huwa unabadilika. Muulize nani kavunja, na kama ni shirika, mwambie waziwazi kwamba pesa taslimu anaweza kuzidai, hata kama kwenye ujumbe hawakulisema kwa sauti. Kisha tafuta kama kuna ndege nyingine, na ukiiona useme umeiona. Ukiiona useme. Nyongeza ya vocha isiwapumbaze, someni tarehe ya kufa kwake, na muulize ni kununua kabla ya tarehe hiyo au ni kusafiri kabla ya tarehe hiyo, mambo hayo si mamoja. Viza nayo ina tarehe yake. Pesa hurudi kwa njia iliyoendea, kwa hiyo kama mteja alilipa kupitia kwako zitarudi kwako, na wewe zisikukae hata siku moja.

Na nyinyi mnaosafiri, mkija kwa wakala, muulizeni swali ambalo Mama Kerubo kwa heshima yake hakuniuliza: nikichukua hii, wewe unabaki na nini? Akikasirika, ameshajibu.

Vocha ilikufa baada ya mwaka mmoja. Shirika lilikuwa limesharejesha safari, lakini angekwenda kwa nani? Viza ilikuwa imekwisha, na aliyesema kuja alikuwa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Wiki iliyofuata nilitia bahasha mfukoni, ndani yake kamisheni ile yote, senti kwa senti, nikapanda bodaboda hadi Manga kisha nikafuata kijia katikati ya chai kwa miguu, kwa sababu niliona si vizuri kufika na kelele za pikipiki.

Nilimkuta uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinipa kiti, akanimiminia chai kwenye kikombe kikubwa cha wageni. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu kiti cha Jumatatu, kuhusu zile siku saba za herufi ndogo, kuhusu kamisheni na seremala na makochi. Nilisema nikitazama kaburi, maana uso wake sikuuweza. Vidole vyake vilikuwa vinaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Hiyo ndege ya Jumatatu," akasema mwishowe, "uliiona na macho yako?"

"Niliiona, Mama."

"Ningemkuta bado anaongea."

Nilitoa bahasha nikaiweka kwenye ukingo wa ungo, nikamwambia ndicho nilichobaki nacho siku ile, nikamwomba akipokee.

Aliitazama bila kuigusa. Kisha akaisukuma kwa nyuma ya mkono, taratibu, mpaka ikafika mbele yangu.

"Yaya, hapana," akasema akitikisa kichwa. "Rudi nayo, Baba Nyaboke. Ikikaa hapa mashemeji wataikula."

Hakucheka. Akaniongezea chai, akarudi kwenye maharagwe yake.